Pima godoro kabla ya kununua hema

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, maduka ya Arusha, Moshi na Dar es Salaam huanika mahema nje, na kila mfuko una namba yake: watu 3, watu 4, watu 8. Baba na mama wenye watoto wawili huchukua lenye namba 4, hulipa, hulitia kwenye buti ya gari, na kulifungua kwa mara ya kwanza ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro jua likiwa linazama. Jumatatu hema hilo liko kwa fundi: ufito umepasuka, zipu haishiki, sakafu imetobolewa na miiba, na wenyewe wanaapa kwamba linavuja. Mara nyingi halivuji. Walinunua namba, hema hawakuliangalia.

Namba ile si ya uongo, ila kiwanda hakihesabu watu kama mama anavyowahesabu. Kiwandani mtu mmoja hupewa upana wa sentimita 60 hivi, alale chali, asijigeuze, asiwe na begi wala viatu. Hema la kawaida la "watu 4" lina sakafu ya sentimita 240 kwa 210. Gawanya: kila mmoja anapata mita za mraba 1.26. Sasa chukua godoro la futi 3 kwa 6, lile ambalo mtoto huenda nalo bweni. Lina mita za mraba 1.67. Yaani nafasi ya yule mtu wa kwenye mfuko haitoshi hata kulaza godoro la mwanafunzi. Wanaopanga makazi ya dharura ya wakimbizi huanzia mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, nao hawazungumzii likizo.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, pima magodoro utakayoyabeba. Wazazi wakilala kwenye la futi 5 kwa 6 na mtoto mmoja kwenye la futi 3 kwa 6, ukiyaweka sambamba umefika futi 8, sawa na sentimita 244. Sakafu ya 240 imekushinda kabla hujaingiza mtoto wa pili wala begi. Sakafu ya mita 3 kwa 3, ambayo dukani huandikwa "watu 6", inakuachia zaidi ya nusu mita ya kupita pembeni, na mbele ya miguu inabaki mita moja na ushee. Huko ndiko atakakolala mtoto wa pili kwa upande, au yatakakokaa mabegi, si vyote viwili. Familia ya wanne inayotaka kulala kwa raha ianzie hapo.

Vipimo vya sakafu navyo hudanganya kidogo, kwa sababu kuta za hema la kuba huinama kuelekea ndani. Mtu mwenye urefu wa sentimita 175 anataka sakafu yenye urefu wa 210 hadi 220. La sivyo kichwa au nyayo zitagusa ukuta usiku kucha, na ukuta unaoguswa ndio unaolowesha blanketi. Njia ya kuhakikisha ni moja tu: muuzaji alitandaze hema, lisimame, mulale ndani nyote na viatu mkononi. Akikataa, nenda duka la pili.

Kuna familia ambazo hazihitaji hema kubwa bali mawili madogo. Kijana wa miaka 15 na dada yake wa miaka 13 hawapaswi kulazwa bega kwa bega, na pazia lile linaloning'inia katikati ya hema kubwa halisitiri kitu taa ikiwashwa. Mahema mawili ya sakafu ya 240 kwa 210 husimama haraka, huvumilia upepo kuliko moja la mita 5, na hupata nafasi pale ambapo ardhi tambarare ni ya kuokoteza. Katika hifadhi zetu ada ya kambi hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo hema la pili halikuongezei gharama getini. Ila watoto wadogo wasilale peke yao katika kambi zisizo na uzio kama za Seronera, ambako fisi hupita kati ya mahema usiku wala si habari. Humo pia hakuna kutoka kwenda chooni saa nane za usiku. Ndoo yenye kifuniko iingie kwenye hesabu ya nafasi, na ndiyo maana ile baraza ndogo yenye zipu mbele ya mlango, ambayo wengi huiona pambo, ina kazi yake.

Kimo huvutia sana dukani. Hema la mita 2 unasimama ndani, unavaa suruali kama mtu na heshima zake, bibi anaingia bila kutambaa. Bibi akiwemo safarini hilo si anasa, utafute mlango usiopungua sentimita 150. Lakini kimo kina mwenyewe, naye ni upepo. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu yake ukutani huzidi mara nne. Hema la kibanda, lenye kuta zilizosimama wima pande zote, linafaa bustani yenye miti na mabanda ya kulikinga. Ukilipeleka Ziwa Natron, au uwanda wowote usio na kichaka, kufikia jioni litakuwa limelala ubavu. Kwa mahali pa wazi chukua la kuba lenye fito mbili au tatu zinazokatana juu, kimo kisichozidi sentimita 180. Mahema marefu ya handaki, yenye fito zilizopangwa kama mbavu, hutoa nafasi kubwa kwa uzito mdogo, lakini hayasimami yenyewe. Yanategemea vigingi vya mbele na nyuma, na kigingi kimoja kikichomoka linaanguka nusu nzima.

Swali la kwanza la muuzaji mzuri lingekuwa "Unaenda wapi?", kwa sababu nchi hii haina hali ya hewa moja. Kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Joto hushuka nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mwezi Julai ukungu hulala juu ya nyasi mpaka saa tatu asubuhi. Mikumi iko bondeni, usiku wa Januari hata shuka ni mzigo. Saadani ni mchanga na chumvi. Lushoto ni mteremko na mvua. Hema lenye kuta za neti nusu nzima ni peponi Mikumi na ni mateso Simba. Anayezunguka kote atafute lenye neti pana na kitambaa cha kuifunika kwa zipu kutoka ndani, na madirisha yawe pande mbili zinazokabiliana ili upepo uingie huku utokee kule. Madirisha mawili ya upande mmoja hayapitishi upepo.

Paa ndiyo sehemu ambayo wauzaji huipitia haraka na ambayo mnunuzi angepaswa kuikalia. Mahema mengi ya bei ya chini yana paa la nje linaloishia kichwani kama kofia ya kiua, huku kuta zote ziko wazi. Mvua ya kunyooka haikusumbui. Mvua ya vuli inayopigwa na upepo inaingia kwa ubavu na kuloweka godoro kabla hujajua imeanza. Taka paa la nje linaloshuka pande zote mpaka liachane na ardhi kwa sentimita 10 hivi, na kati yake na chumba cha ndani kuwe na mwanya wa kiganja. Vitambaa hivyo viwili vikigusana, maji ya nje yanapita kwenda ndani.

Kisha soma lebo. Utaona 800, au 1,500, au 3,000, na mbele yake milimita. Hiyo ni kimo cha maji yanayosimamishwa juu ya kitambaa kabla hakijaanza kupenyeza. Paa lenye 800 ni kivuli cha jua. Kwa mvua zetu tusishuke chini ya 1,500, na anayekusudia kupiga kambi masika atafute 3,000. Sakafu inataka zaidi, 5,000 na kuendelea, kwa sababu goti la mtu mzima hukandamiza kuliko tone lolote la mvua. Sakafu iwe imekunjwa na kupanda ukutani sentimita 10 hadi 15 kama beseni, mshono wake uwe juu, usiwe chini kwenye pembe inayokanyagwa. Geuza paa ndani nje uangalie mishono. Ikiwa imefunikwa ukanda mwembamba unaong'aa kama selotepu, hapo pazuri. Ukanda ukiwa umeanza kubanduka dukani, porini utaisha. Kama hakuna ukanda kabisa, maji yatapita kwenye matundu ya sindano hata kama kitambaa chenyewe ni cha 5,000.

Na baraza ile, ikiwa tambarare, italeta balaa lake. Maji yenye kina cha sentimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10. Kitambaa kikilegea kidogo bonde linajitengeneza, kilo 10 zinakuwa 40, ufito unavunjika. Legeza kona moja ya baraza ishuke, maji yapate njia.

Sasa hilo la "linavuja". Watu wanne waliolala hutoa kwa pumzi na jasho zaidi ya nusu lita ya mvuke usiku mmoja. Nje kuna baridi, paa limepoa, mvuke unageuka maji upande wa ndani. Asubuhi mtu anagusa, analowa, anakuja kudai hela yake. Kutofautisha ni rahisi. Jasho la hema hutapakaa sehemu yote ya juu kama ukungu kwenye kioo cha gari, tena huwapo hata usiku usio na mvua. Uvujaji hufuata mstari wa mshono au hudondoka mahali pamoja. Dawa ya jasho ni hewa, hivyo tafuta hema lenye matundu ya hewa juu kabisa yaliyofunikwa kikofia, na uyaache wazi hata kama kuna baridi. Anayeziba kila tundu ili apate joto ndiye anayeamka amelowa, na aliyelowa husikia baridi zaidi.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna jambo ambalo kosa lake halirekebishwi kwa fundi. Jiko la mkaa haliingii ndani ya hema. Si lililowaka vizuri, si lililobakia majivu mekundu, si kwa dakika kumi za kumpasha mtoto joto. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, aliyelala haamki kukohoa, na hema lililofungwa zipu hulijaza haraka kuliko chumba. Jiko la gesi pia likae nje. Baridi ya Simba inazuiwa kutoka chini: ardhi ndiyo inayonyonya joto la mwili, kwa hiyo mkeka na godoro la sponji la inchi 3 au 4 chini ya mtoto vina faida kuliko blanketi la tatu juu yake. Godoro la upepo ni jepesi kubeba, lakini hewa iliyo ndani yake hupoa kama ardhi ilivyo. Ukilitumia, weka blanketi chini ya mtu, juu ya godoro.

Kuhusu kitambaa hatutasema mengi. Poliesta ndiyo ya watu wengi na inafaa: nyepesi, hukauka upesi, huhimili jua kuliko nailoni, na haitanuki ikilowa. Nailoni ikilowa hulegea, ukaamka usiku kuvuta kamba. Turubai la pamba, au la pamba iliyochanganywa na poliesta, ndilo wanalotumia kampuni nyingi za safari, na si kwa bahati. Linapumua, mchana halichemki, na likishonwa vizuri humaliza miaka. Lakini la familia ya wanne lina uzito wa kuhitaji watu wawili, na likilowa ni zaidi. Kama una gari kubwa na huna haraka, lichukue. Ukilinunua jipya, lisimamishe nyumbani, lipige maji ya mpira mpaka lilowe kabisa, likauke, kisha rudia. Nyuzi huvimba na kuziba matundu ya sindano. Asiyefanya hivyo huvujiwa safari ya kwanza na kulilaumu bure. Mshono mkaidi unasuguliwa nta ya nyuki upande wa nje.

Fito nyingi za mahema ya bei ya kawaida ni za faibaglasi. Kwa sakafu ya mita 3 zisiwe chini ya milimita 11 kwa unene. Zile za 8.5 ni za hema la watu wawili, nazo zikiwekwa kwenye hema kubwa hupinda kama upinde na kupasuka kwa urefu upepo wa kwanza. Ufito uliopasuka usiushike kwa mikono mitupu, vijiti vyake huingia kwenye ngozi na havionekani. Beba kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa sentimita 12, kipana kidogo kuliko ufito, ukisukumie juu ya ufa na kufunga tepu ncha mbili, safari iendelee. Alumini ni nyepesi na hupinda badala ya kupasuka. Ghali, lakini unaweza kuinyoosha mara moja, ya pili itakatika. Wakati wa kukunja fito anzia katikati kwenda pembeni, ule mpira wa ndani uvutike sawasawa. Ukianzia ncha moja, mpira wote hubaki upande mmoja na hatimaye hukatika.

Zipu ya mlango iwe namba 8 au 10. Namba 5 ni ya begi la shule, na kwenye hema la watoto wanaoingia na kutoka mara hamsini kwa siku haifiki mwaka. Zipu ikianza kuachia nyuma baada ya kupita, meno mara nyingi ni mazima, aliyechoka ni kile kichwa kinachotembea. Kibane kidogo kwa plaizi kushoto na kulia, kidogo sana, itashika tena. Vumbi lisafishwe kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mshumaa. Mafuta usipake: vumbi la Serengeti likichanganyika na mafuta hugeuka saruji.

Vigingi sasa. Hivi ndivyo vinavyoangusha mahema mengi kuliko dosari nyingine yoyote, na ndivyo viwanda vinavyobania. Ndani ya mfuko kuna waya 12 zenye urefu wa sentimita 18, laini kiasi cha kukunjwa kwa kidole. Kwenye udongo wa changarawe wa Natron hazipiti, zinajikunja. Kwenye udongo mweusi wa mbuga zinaingia kama kisu kwenye papai na kutoka vivyo hivyo mvua ikinyesha. Zitupe. Nenda kwa fundi wa kuchomelea ukiwa na nusu ya nondo ya milimita 10, yaani mita 6. Zitatoka vigingi 20 vya sentimita 30, uzito wake wote kilo 3.7 hivi. Kila kimoja kichongwe ncha, na kichwani kichomelewe washa au kipande kifupi cha kuzuia kamba isiteleze. Mwambie apige msasa kingo, maana kigingi chenye makali hukata kamba na vidole vya watoto. Beba nyundo ya kilo moja. Jiwe linalookotwa kambini linavunja kichwa cha kigingi au kidole, wala halisaidii chochote.

Kigingi kipigwe kikiwa kimeegama, kichwa kikitazama mbali na hema, na kamba ishuke kwa nyuzi 45 hivi. Kamba fupi iliyosimama wima hukinyanyua kigingi juu badala ya kukivuta kando. Kamba za pembeni zifungwe zote, hata jioni ikiwa tulivu, kwa sababu hema la kuba bila kamba za pembeni lina nguvu ya fito tu. Zifunge vitambaa vyeupe, mtu asijikwae gizani.

Kwenye mchanga wa Saadani, Pangani au Diani, hata nondo haina mizizi. Chukua viroba vya kilo 5, vijaze mchanga, vifunge kamba ya hema shingoni, uvifukie nusu mita chini na kushindilia. Hapo hema litatulia. Mlango uelekeze kwa kufuata msimu: Julai kusi linavuma kutoka kusini mashariki, Januari kaskazi linatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo mlango utazame bara misimu yote miwili na mgongo wa hema ndio upokee bahari. Usilale chini ya mnazi wenye nazi. Mkirudi nyumbani, zipu na fito zisuuzwe kwa maji baridi, chumvi hula alumini pia.

Chini ya hema tandika turubai, lakini liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande. Likitokeza nje hupokea maji ya paa na kuyapeleka moja kwa moja chini ya godoro lako. Fagia kwanza miiba ya migunga, hata ile iliyolala inatoboa. Tazama ardhi: nyasi zilizolala upande mmoja na takataka zilizokwama kwenye shina la kichaka ni alama kwamba maji hupita hapo. Mitaro ya kuzunguka hema, waliyokuwa wakichimba zamani, haifai hifadhini na wala haisaidii kama umejenga kwenye mkondo.

Rangi nayo ina sababu. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa kuwa hizo ndizo rangi zinazowavuta. Anayepeleka hema la bluu nzito Tarangire au Mikumi amejitegea mwenyewe. Khaki, kijani hafifu, au rangi ya mchanga zinafaa, na hazichemki sana mchana. Lenye mabaka ya jeshi liache dukani. Sare za jeshi ni marufuku kwa raia, na likizo si wakati wa kujieleza getini. Neti iangalie kwa karibu. Inayozuia mbu haizuii usubi wa pwani, hivyo anayekwenda baharini atafute yenye matundu madogo zaidi, ingawa hupunguza upepo.

Mtumba si wa kudharau. Memorial pale Moshi, Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi, kote huko hutokea mahema ambayo mapya yake hayashikiki kwa bei. Ila lisinunuliwe likiwa kwenye mfuko. Linuse kwanza. Harufu ya uchachu kama matapishi, na upande wa ndani unaonata mkononi, maana yake utando wa kuzuia maji umeoza, na hakuna fundi wa kuurudisha. Kisha shika kitambaa karibu na mshono wa juu, sehemu iliyopigwa na jua sana, ukivute kwa vidole gumba viwili. Kikichanika kama gazeti, mrudishie mwenyewe. Hesabu vipande vya fito na uviunge vyote, kwa sababu hema bila ufito mmoja ni pazia. Zipu funga na kufungua mara tano. Tundu la neti au mpasuko mfupi wa ukutani visikutishe, hiyo ni kazi ya nusu saa kwa mshonaji yeyote. Sakafu iliyotoboka kila mahali nayo bado ina uhai ukiweka turubai ndani.

Jipya au mtumba, lisimamishe uani kabla ya safari, wawili tu, bila kusoma maelezo mara ya pili. Ikiwachukua zaidi ya dakika 30, rudieni, kwani giza letu huingia ghafla na anayefika kambini saa kumi na mbili jioni hajengi, anapapasa. Kwa msimu wa mvua, afadhali hema ambalo paa la nje husimama kwanza na chumba cha ndani kikaning'inizwa chini yake. Yale ambayo chumba husimama kwanza yanakuwa yameloa kabla ya kufunikwa.

Chakula kisilale hemani. Nyani na tumbili wa Manyara hawafungui zipu, wanapasua ukuta kwa ajili ya ndizi moja, tena mchana mkiwa matembezini. Hata dawa ya meno ikae ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kurudi nyumbani, hema lisiwekwe stoo kabla halijakauka kabisa, mishono na mikunjo ya sakafu ikiwemo. Siku mbili za unyevu kwenye mfuko hutosha kuleta ukungu mweusi usiotoka. Sabuni ya unga isiliguse, maji na sponji vinatosha. Na liwekwe juu ya rafu, mbali na mchwa.

Kwa wauzaji tuna ombi. Bandikeni kwenye kila hema urefu na upana wa sakafu kwa sentimita, kimo cha katikati, milimita za paa na za sakafu, na unene wa fito. Ni maneno ya mstari mmoja, na mengi tayari yameandikwa kwenye lebo iliyoshonwa ndani, kwa lugha ambayo mteja haisomi. Acheni hema moja la kila aina likiwa limesimama dukani, hata kama linakula nafasi. Na mkiuza hema, uzeni na vigingi vya nondo pembeni yake.

Mafundi wa mahema na maturubai,
Arusha